Usiandike Namba Kwenye Kifuniko

Mimi ni mfanyakazi wa maabara. Maabara ni chumba cha hospitali kinachopima damu, makohozi, mkojo na choo. Watu wengi wanakijua chumba hicho kwa dirisha lake dogo tu. Wanatoa kidole, wanachomwa, kisha wanakaa kwenye benchi kungoja majibu. Yanayofanyika ndani hawayaoni.

Leo nataka kukueleza kazi niliyoanza nayo. Nilianza kama mhudumu wa maabara. Hiyo ndiyo kazi ya chini kuliko zote katika chumba kile. Hata hivyo, siku moja mwaka 2013 nilikosea katika kazi hiyo ya chini, na watu wawili nusura waumie kwa ajili yangu. Sioni aibu tena kulisema kosa hilo. Nalisema ili vijana wanaotaka kazi hii wajifunze, na ili wewe unayepeleka kikopo dirishani ujue la kufanya.

NILIVYOPATA KAZI

Nilimaliza kidato cha 4 mwaka 2008. Sikufaulu sana, lakini nilipata D katika Biolojia na Kemia. Nilirudi nyumbani, nikalima mtama na karanga pamoja na wazazi wangu. Mwaka 2012 hospitali moja ya wilaya ilitangaza kwamba inataka mhudumu wa maabara. Baba aliliona tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kata. Alinifuata shambani akaniambia, "Weka jembe chini, mwanangu. Kaandike barua."

Siku ya usaili nilimkuta mkuu wa maabara, mama mmoja wa makamo. Nilidhani ataniuliza habari za vijidudu. Hakuniuliza. Alinipa karatasi yenye majina 10 na namba 10, akaniambia niinakili. Nilipomaliza, alilinganisha karatasi zetu mstari kwa mstari. Jina moja nilikuwa nimelikosea. Palipoandikwa Hamisi Saidi, mimi niliandika Saidi Hamisi.

"Huyu ni mtu mwingine," aliniambia. "Umempa ugonjwa wa jirani yake."

Nilijua nimekosa kazi. Lakini alinipa karatasi nyingine. Safari hii niliandika polepole, na kila jina nililisoma mara 2. Sikukosea. Nikaajiriwa.

KAZI ZA KILA SIKU

Nilikuwa nafika saa 1 asubuhi, kabla ya wagonjwa kuanza kupanga mstari. Kwanza navaa koti jeupe, viatu vilivyofunika vidole, na glovu mikononi. Kisha nachanganya dawa ya klorini ya kusafishia meza. Klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 tunaichanganya hivi: kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji. Tunachanganya mpya kila siku, maana dawa iliyolala hupungua nguvu. Nafuta meza zote asubuhi, nazifuta tena jioni, na nafuta mara moja kila damu inapomwagika.

Halafu natazama friji. Dawa za kupimia hazitaki joto, wala hazitaki kuganda. Zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Nilikuwa nasoma kipimajoto kilichomo ndani na kuandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, asubuhi na jioni. Nikiona namba imepanda, namwita mkuu wangu. Dawa iliyoharibika haitoi harufu kama nyama. Inakaa vilevile, lakini inatoa majibu ya uongo.

Baada ya hapo napanga vifaa. Vipo vioo vidogo vyembamba ambavyo damu hupakwa juu yake. Sisi tunaviita slaidi. Zipo sindano, pamba, chupa na vikopo. Nahesabu vilivyobaki na kuandika kwenye daftari. Vikikaribia kwisha natoa taarifa mapema, maana mgonjwa aliyetembea kutwa nzima hawezi kuambiwa kwamba slaidi zimekwisha.

Saa 2 dirisha linafunguliwa. Hapo inaanza kazi kubwa ya mhudumu, nayo ni kupokea. Mgonjwa analeta fomu kutoka kwa daktari. Naisoma. Namuuliza jina lake yeye mwenyewe. Simwambii, "Wewe ni Hamisi?" Mtu mwenye homa anaweza kuitikia jina lolote. Namuuliza, "Jina lako nani?" kisha natazama kama linafanana na lile la kwenye fomu. Nauliza umri na kijiji pia, kwa sababu katika kata moja akina Hamisi Saidi wanaweza kuwa watatu.

Jioni kuna kazi ya taka. Sindano zilizotumika hutupwa katika sanduku gumu. Sanduku likijaa robo tatu linafungwa, halishindiliwi. Vitu vyenye vijidudu vingi huchemshwa kwa mvuke ndani ya chombo kinachofunga kama sufuria la presha. Mvuke hufika nyuzi 121 na hukaa hapo dakika 15 au zaidi. Vikopo vya makohozi tulikuwa tunavichoma katika tanuri la hospitali, nyuma ya jengo. Kazi ya kuvichoma ilikuwa yangu.

MIIKO YA KAZI

Kila kazi ina miiko yake. Mvuvi ana yake, mhunzi ana yake. Hii ni miiko ya maabara.

Usile wala usinywe ndani ya maabara. Usiweke chakula chako katika friji ya dawa. Usitie kalamu mdomoni. Usitoke na koti la kazi kwenda sokoni. Nawa mikono kwa maji na sabuni kila unapotoka, hata kama ulivaa glovu.

Usirudishie sindano kifuniko chake baada ya kuitumia, kwa sababu wengi huchomwa hapo. Ukichomwa, nawa kwa maji na sabuni, usikamue, na toa taarifa saa ileile. Ipo dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Inatakiwa ianze kunywewa mapema sana, na kabla ya saa 72 kupita. Anayeona haya na kukaa kimya anajidhuru mwenyewe. Upo ugonjwa wa ini unaoitwa homa ya ini B, nao una chanjo ya sindano 3. Kila anayeanza kazi hii aidai chanjo hiyo.

Mwiko mkubwa kuliko yote ni siri. Mhudumu anaona majina na anaona majibu. Shangazi yangu aliwahi kunifuata nyumbani akaniuliza majibu ya jirani yake. Nilimwambia, "Shangazi, ningekwambia ya jirani, kesho ningemwambia jirani ya kwako." Alinuna siku kadhaa, kisha akanielewa.

SIKU NILIYOKOSEA

Sasa nieleze kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa Desemba. Mvua zilikuwa zimeanza, na watu walikuwa na haraka ya kurudi mashambani. Siku ya Alhamisi watu wawili walileta makohozi ya kupima kifua kikuu. Wa kwanza alikuwa mama kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Wa pili alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, kutoka kijiji kilicho mbali. Kwa utaratibu tuliofuata, kila mtu alileta vikopo 2. Kimoja cha siku ya kwanza, papo hapo, na kimoja cha asubuhi ya pili. Makohozi ya asubuhi ndiyo mazuri zaidi, kwa sababu yamekusanyika kifuani usiku kucha. Vikopo vyao vya Jumatano havikuonyesha vijidudu. Tulingoja hivi vya Alhamisi.

Mama yule nilimpa namba 14. Mzee nilimpa namba 15. Kikopo cha mzee nilikitazama nikaona uzi mwembamba wa damu ndani yake. Mzee alisema, "Hiyo damu imeanza wiki hii, mjukuu wangu." Nilimpa pole.

Namba zao niliziandika juu ya vifuniko. Nilikuwa nimefundishwa kuandika ubavuni mwa kikopo chenyewe, si juu ya kifuniko. Lakini ubavu ulikuwa na unyevu, kalamu ikateleza. Kifuniko kilikuwa kikavu na bapa. Nikasema moyoni, namba ni namba, ikae juu au ikae ubavuni.

Ndani, mtaalamu wetu alikuwa peke yake siku ile na kazi ilikuwa nyingi. Aliniomba nimpe vikopo kimoja kimoja ili apake slaidi. Mimi, kwa kutaka kumrahisishia, nilifungua vyote viwili kwa pamoja na kuweka vifuniko pembeni. Sasa vikopo viwili vikawa wazi, havina namba wala jina. Nilimpa cha kwanza nikasema, "14." Nilimpa cha pili nikasema, "15." Kisha nikavifunika.

Slaidi zikatiwa rangi. Vijidudu vya kifua kikuu vikitiwa rangi ile huonekana kama vijiti vidogo vyekundu juu ya rangi ya buluu. Huwezi kuviona kwa macho. Unaviona kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo mno. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyeutangazia ulimwengu habari za vijidudu hivyo tarehe 24 Machi 1882.

Saa 8 mchana majibu yalitoka. Namba 14, vijidudu vipo. Namba 15, hakuna.

Mzee alifurahi. Alipanda lori la mahindi lililokuwa linaelekea kwao, akaenda kuwahi kupanda. Mama kijana aliinama bila kusema neno. Aliambiwa arudi kesho yake asubuhi pamoja na mumewe ili aanze dawa.

Jioni nilibeba vikopo kwenda kuvichoma. Nilipokuwa navimwaga kimoja kimoja kwenye tanuri, mkono wangu ulishika kikopo chenye namba 14. Kabla sijakitupa, nikaona ndani yake uzi wa damu.

Nilisimama pale na kikopo mkononi. Nilikitazama cha namba 15. Hakikuwa na damu. Miguu ikaniisha nguvu. Nilijua mara moja nilichokifanya.

USIKU ULE

Sikuvichoma vikopo vile viwili. Nilivifunga katika mfuko, nikavirudisha ndani mahali pa salama. Kisha nikafunga mlango na kwenda nyumbani. Sikumwambia mtu.

Nitasema ukweli kuhusu usiku ule. Niliwaza kazi yangu kwanza. Nilikuwa namlipia mdogo wangu ada. Baba alikuwa ameezeka bati 12 kwa mshahara wangu. Niliwaza kwamba nikivichoma vikopo, hakuna atakayejua. Labda mama yule naye anaumwa kweli. Labda mzee atarudi mwenyewe akizidiwa. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi labda.

Halafu nikamwaza mzee. Alikuwa ameniambia kwamba analala na wajukuu zake watatu katika chumba kimoja. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, walio karibu naye wanavuta vijidudu. Mzee alikuwa amerudi kwa wajukuu wale akiwa na karatasi inayosema kwamba hana ugonjwa. Karatasi hiyo ilitoka kwangu.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha maradhi ya mtu mwingine, na kifo kisingeniumbua mimi. Kingemchukua yeye.

Alfajiri niliondoka nyumbani kabla ya jogoo wa pili.

NILIVYOSEMA

Nilimkuta mkuu wangu anafungua mlango. Nilimwamkia, kisha nikamweleza yote hapo hapo nje. Nilimwambia habari za vifuniko, habari za kufungua vikopo viwili kwa pamoja, na habari za uzi wa damu. Nilimwambia pia kwamba nilijua tangu jana jioni na nikanyamaza.

Hakunifokea. Aliuliza neno moja tu. "Vikopo viko wapi?"

"Nimevihifadhi, Mama."

"Basi umefanya jambo moja la maana," alisema. "Twende."

Tulikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kifua kikuu. Mama kijana alikuwa tayari mlangoni na mumewe. Nesi alikuwa ameshika kadi mpya ya dawa na kalamu. Dakika chache baadaye angemeza vidonge vya kwanza vya matibabu ya miezi 6 ambayo hakuyahitaji.

Mkuu wangu alieleza kwamba kuna shaka katika kipimo, na kwamba kosa ni la maabara. Nami nikasema kosa ni langu. Nilimwomba mama yule radhi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Dada, usiku kucha sikumnyonyesha mwanangu. Niliogopa kumwua."

Maneno yale ninayo mpaka leo. Na hofu ile nayo ilitokana na kutoambiwa. Kifua kikuu hakipiti katika maziwa. Mama mwenye kifua kikuu anaweza kumnyonyesha mtoto wake, huku akinywa dawa zake na kufunika mdomo na pua anapokuwa naye karibu. Hatukuwa tumemweleza hata hilo. Tulimpa jibu tukamwacha na woga wake. Nesi alimweleza asubuhi ile, naye akakaa kwenye benchi akamnyonyesha mwanawe pale pale.

Mzee ilibidi afuatwe. Nilipanda pikipiki pamoja na mhudumu wa afya wa kata ile. Njia ilikuwa tope, tukafika saa 6 mchana. Tulimkuta shambani anafukia mbegu, na wajukuu wanamfuata nyuma na vibuyu.

"Shikamoo babu," nilimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenifuata mpaka huku? Kuna nini?"

Nilikaa chini kwenye tuta nikamweleza. Nilitegemea atakasirika. Alinyamaza, akapangusa jembe lake kwa nyasi, akasema, "Mimi niliposikia sina ugonjwa nilishangaa. Mwili wangu naujua. Lakini karatasi ilisema sina, nikaiamini karatasi."

Alirudi nasi siku ileile. Wote wawili walitoa makohozi mapya, kila mmoja kwa wakati wake, na namba ziliandikwa ubavuni. Mzee alikutwa na vijidudu. Mama kijana hakukutwa navyo. Daktari alimpima tena, akamtibu kikohozi chake kwa dawa nyingine, akapona.

Wajukuu wa mzee nao waliitwa kupimwa. Mdogo wao alikuwa na miaka 3. Hakuwa mgonjwa, lakini mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa ya kumkinga. Naye alipewa.

KILICHOFUATA

Nilipewa onyo la maandishi, nalo lilinistahili. Sikufukuzwa. Mkuu wangu aliwaambia wakubwa zake kwamba mhudumu aliyesema kosa lake atamfaa kuliko yule ambaye hajawahi kukiri hata moja.

Aliniagiza niandike sheria 3 kwa mkono wangu na kuzibandika juu ya meza ya kupokelea. Niliandika hivi:

1. Namba na jina ubavuni mwa kikopo, kamwe si kwenye kifuniko.
2. Fungua kikopo kimoja, kifunge, ndipo ufungue kingine.
3. Ukiwa na shaka, simama useme.

Pia tulibadilisha kalamu. Tulinunua kalamu za wino usiofutika kwa maji, na kitambaa cha kukaushia ubavu wa kikopo kabla ya kuandika. Ndivyo inavyofaa kufanya kosa linapotokea. Mtu aonywe, na mlango uliopitisha kosa uzibwe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

KIJANA ANAYEITAKA KAZI HII

Vijana wengi huniuliza wafanye nini ili waajiriwe maabara. Nawajibu hivi.

Kwanza, shule. Nyakati hizi anayetaka kazi hii ajitahidi amalize kidato cha 4. Anayetaka kupanda na kuwa mtaalamu ashike sana Biolojia na Kemia, maana vyuo vya maabara huyatazama masomo hayo. Mimi nilikwenda chuoni mwaka 2015. Nilisoma miaka 3 nikapata stashahada. Sasa hadubini ile niliyokuwa naipangusa vumbi, naitumia mimi.

Pili, mwandiko. Andika herufi zinazosomeka. Moja isifanane na saba. Sifuri isifanane na sita. Mwandiko mbaya ni kama njia yenye mashimo, abiria ndiye anayeumia.

Tatu, usafi na utulivu. Anayependa kufanya mambo matatu kwa wakati mmoja atafute kazi nyingine. Mimi nilitaka kuokoa dakika 1, nikapoteza siku 2 za watu wawili, na ningeweza kupoteza zaidi.

Nne, mikono misafi kwa maana nyingine pia. Wapo wanaoleta noti dirishani ili majibu yao yatangulie, au yabadilishwe. Ukiipokea noti hiyo, majibu yako yote yamekuwa bidhaa.

Tano, ukweli. Mengine yote utafundishwa na wenzako. Huu utakuja nao kutoka kwenu.

NA WEWE UNAYEPIMWA

Ndugu msomaji, nawe una kazi yako. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, usingoje. Nenda kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hazilipiwi.

Ukipewa kikopo cha makohozi, suuza kinywa kwa maji. Toka nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, kisha kohoa kutoka kifuani. Mate ya mdomoni hayafai. Funga kifuniko sawasawa. Kikopo cha choo kisiingie mkojo wala udongo.

Kisha fanya jambo moja zaidi. Kabla hujakikabidhi kikopo chako, soma jina lililoandikwa. Kama si lako, au limeandikwa mahali pasipofaa, sema. Usiogope koti jeupe. Wewe uliyejifunza kusoma hukujifunza kwa ajili ya kitabu peke yake.

Somo hilo sikulitunga mimi. Mzee yule alinifundisha. Alikunywa dawa zake miezi yote 6 bila kuruka siku. Mwezi wa mwisho alikuja kutoa makohozi ya kuhakikisha kwamba amepona. Alikuwa amenenepa, na sauti yake ilikuwa imerudi. Nilikausha ubavu wa kikopo nikachukua kalamu ili niandike jina lake.

Alinyoosha mkono. "Nipe mimi," alisema.

"Unajua kuandika, babu?"

"Nilisoma kisomo cha watu wazima mwaka 1974, chini ya mbuyu. Mwalimu alituambia kwamba ipo siku tutaihitaji kalamu. Nilidhani anasema habari za kupigia kura."

Aliandika polepole, herufi kubwa zilizoachana, ubavuni mwa kikopo. Alilisoma jina lake kwa sauti. Kisha akanirudishia kalamu, nami nikaandika namba kando yake.

Saa 8 mchana nilimpelekea majibu mwenyewe kwenye benchi. Vijidudu havikuwapo. Safari hii jibu lilikuwa lake kweli.